Redio ya volti 12 isilishwe na betri moja ya lori

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye malori, madereva na mafundi wenzangu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Makambako, inapoachana barabara ya Songea na ile ya Mbeya, na malori ya Tunduma na Dar es Salaam hulala hapa kwa wingi. Mara nyingi lori likiletwa kwa malalamiko kwamba betri mpya zimekufa mapema, nikifungua dashibodi nakuta redio ya gari dogo, waya wake umeteremshwa hadi kwenye betri moja.

Redio hizo ni za volti 12. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa kutoa 24, na injini ikiwaka alteneta, yaani mtambo wa kuchaji betri, hupandisha hadi karibu 28. Fundi huchukua umeme katikati ya betri hizo mbili, redio inaimba, dereva anaondoka amefurahi. Lakini alteneta huzichaji zote kwa pamoja, ikipima jumla tu. Betri inayolisha redio haijai, na mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi maji yanachemka na kukauka. Mwishowe zote hutupwa, na lawama anabeba muuza betri.

Hatari zaidi ni kuchukua umeme kwenye betri ya juu, ile ambayo hasi yake haikufungwa kwenye chasisi. Hapo chuma cha redio chenyewe kinabeba volti 12. Kikigusa bodi la kabini ni shoti, na kama hakuna fyuzi karibu na betri, waya unawaka moto. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda, na mara nyingi utingo amelala pale!

Wengine hufunga resista ya kupunguza volti. Haifai, kwa sababu redio huvuta umeme mwingi sauti ikiwa juu na kidogo ikiwa chini, hivyo volti hazitulii.

Dawa ni konvata, kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Ampea zake, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa, zizidi zile za fyuzi ya redio, ambazo mara nyingi ni 10 au 15. Ifungwe penye hewa kwa kuwa hupata joto, na umeme wake upite kwenye swichi ya ufunguo, la sivyo itaendelea kunyonya betri lori likiwa limeegeshwa. Dereva asiyependa kutafuta stesheni upya kila asubuhi achague konvata yenye waya wa pembeni wa kutunza kumbukumbu. Zipo pia redio za volti 24 kabisa, hizo hazihitaji lolote kati ya haya.

Wenye malori, msiseme redio ni anasa ya dereva. Mtu anayepanda mlima Kitonga usiku na mzigo wa tani 30 anahitaji sauti ya kumchangamsha, tena anahitaji taarifa ya habari kama sisi tulio nyumbani. Konvata ni rahisi mno ukilinganisha na jozi ya betri za lori.

Na ninyi wauza redio, kabla ya kupokea pesa mwulizeni mteja gari lake ni la volti ngapi. Akisema 24, mpeni redio na konvata pamoja.

Fundi umeme wa magari,
Makambako, Njombe