Ngoie mwanangu, pima B12 kwanza

Lubumbashi

Mwanangu Ngoie,

Barua hii anakuletea mama yako. Nimeiweka ndani ya Biblia yake isikunjike. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu unaniitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" mpaka mtandao unakatika, na safari hii nataka usome mpaka mwisho. Kabla ya yote nijibu, maana una mimba: umepimwa vitamini B12? Sisemi kipimo cha damu kwa jumla, kile wanachompima kila mama mjamzito. Nasema B12 yenyewe, kwa jina lake.

Habari kwamba umeacha nyama, samaki, maziwa na hata mayai tumezipata kwa mkwe wangu. Iliniuma kuzisikia kwake. Mama yako alipokuuliza, ukamwambia mwanadamu hakuumbwa kula nyama, kwamba meno yetu ni bapa na utumbo wetu ni mrefu. Akakutolea Mwanzo 9, Mungu anapomruhusu Nuhu kula nyama, wewe ukamrudisha Mwanzo 1:29, mbegu na matunda, na vocha ikaisha hamjaelewana. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Nimefundisha biolojia miaka mingi, sikuweza kukubali hoja ile ipite hivihivi, hasa ikitoka kwako uliyekuwa unawashinda wavulana wote kwenye somo langu.

Tuanze na meno. Gorila dume wa mbuga yetu ya Kahuzi-Biega ana chonge za kutisha, lakini anachokula ni majani, machipukizi ya mianzi, matunda, na wadudu kidogo. Chonge zile anatishia nazo madume wenzake. Basi chonge kubwa hazithibitishi kwamba mnyama anakula nyama, na chonge ndogo hazithibitishi kwamba haili. Zetu ni ndogo, lakini kazi ya kukata tunaifanya kwa mikono. Kule Olduvai, Tanzania, kuna mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ina karibu miaka milioni 1.8. Waliokata nyama ile hawakuwa na meno ya chui, walikuwa na jiwe lenye makali.

Huo utumbo nao, ni kweli wetu ni mrefu kuliko wa simba ukilinganisha na mwili. Lakini umesimamia hapo, hukuendelea. Kwa gorila na sokwe, sehemu iliyo kubwa ni utumbo mpana, ambamo bakteria wanachachusha majani magumu. Kwetu sehemu kubwa ni utumbo mwembamba, unaonyonya chakula laini chenye nguvu nyingi ndani ya kiasi kidogo. Nyama ni chakula cha namna hiyo, na kiazi kilichopikwa pia. Na wale sokwe unaowapenda wa J.A.C.K., kituo cha kuwatunza hapa Lubumbashi, ndugu zao wa Gombe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Jane Goodall aliwaona mwaka 1960 wakila nyama. Baadaye ikajulikana wanawinda mbega kwa kushirikiana. Chakula chao kikubwa ni matunda, lakini nyama ikipatikana wanaigombania.

Upande wako una ukweli wake pia, na sitakunyima. Mwili wetu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Simba anaitengeneza ndani ya ini lake. Sisi wazazi wetu wa kale sana walikula matunda vizazi na vizazi mpaka uwezo huo ukapotea, na ndiyo maana mabaharia waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga walikufa kwa kiseyeye. Tena tafuna bukari, ugali wetu, polepole bila kumeza, utaona inageuka tamu: mate yanavunja wanga. Jeni ya kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo binadamu anayo kwa nakala nyingi kuliko sokwe. Kwa hiyo mtu akikuambia tumeumbwa kwa nyama peke yake, huyo naye mkatalie kwa nguvu zilezile.

Hapo Brussels mnalo jumba la makumbusho la sayansi asilia. Uende ukauone mfupa wa Ishango kabla tumbo halijawa zito sana. Unatoka kwetu, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, una karibu miaka 20,000, na watu wanausifu kwa ile mikato inayofanana na hesabu. Mimi nakuomba uwafikirie waliouchonga. Walikuwa wavuvi, wana vyusa vya mfupa. Mbele kidogo kwenye mto huohuo, Katanda, vilichimbuliwa vyusa vya zamani zaidi, karibu miaka 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Sikuambii ule kambare kwa sababu wao walikula. Nakuambia usiseme hawakuumbwa kula.

Ukisema unawahurumia wanyama, nitanyamaza. Ukisema nyama imekuchosha, au umezoea kukaa bila nyama kwa sababu hapa nyumbani vipande vilikuwa vinakuja kwenye sahani yangu na ya wageni, wewe na mama yako mkibaki na mchuzi, hapo sitabisha. Uamuzi ni wako na una haki nao. Lakini usiuweke juu ya meno na utumbo, maana siku utakapogundua hoja hizo hazisimami, utaona aibu kurudi nyuma na utazidi kukaza. Nakujua.

Sasa rudi kwenye B12. Hakuna mmea unaoitengeneza. Wanaoitengeneza ni bakteria, na sisi tunaipata kupitia mnyama: nyama, samaki, yai, maziwa. Sombe, yale majani ya muhogo, haina, matembele hayana, maharagi hayana. Ule unga wa kijani wa spirulina, ambao mkwe wangu amesema unauchanganya kwenye juisi, kilichomo kinafanana na B12 lakini kwa sehemu kubwa mwili hauwezi kukitumia. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Marekani, Minot na Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wa upungufu wa damu ambao zamani walikuwa wanakufa tu, wanapona wakilishwa ini kwa wingi. Ilibidi kungoja mpaka 1948 ndipo kile kitu kilichomo ndani ya ini kikapatikana chenyewe, na ndiyo hiyo B12.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba ini lako wewe linaweka akiba ya B12 ya miaka. Ndiyo maana unaniambia uko salama, una nguvu, ngozi inang'aa. Naamini. Akiba hiyo uliiweka hapa. Lakini mtoto hana akiba yake mwenyewe. Anaanza na kile unachompa sasa, halafu anaendelea na maziwa yako, na maziwa ya mama asiye na B12 hayana B12 ya kutosha. Watoto wa namna hiyo huzaliwa wazuri, kisha baada ya miezi kadhaa wanalegea, aliyekuwa anacheka anaacha kucheka, aliyekuwa anakaa anashindwa kukaa. Wakichelewa kutibiwa, ubongo unaweza kubaki na kasoro.

Na jambo la pili, ambalo sidhani wamekueleza. Umepewa vidonge vya asidi foliki, na ni vizuri, uendelee navyo. Lakini foliki inaweza kuficha upungufu wa B12: damu inaonekana nzuri kwenye karatasi huku mishipa ya fahamu inaharibika. Kwa hiyo daktari akikuambia "damu yako ni sawa, madamu," usiinuke kitini. Mwambie waziwazi kwamba huli kitu chochote cha mnyama, na unaomba kipimo cha B12. Umeshamwambia huli? Mkwe wangu alisita nilipomuuliza hilo.

Mjamzito anahitaji mikrogramu 2.6 kwa siku, anayenyonyesha 2.8. Ni kitu kidogo mno. Vidonge vyake vinatoka kwa bakteria wanaofugwa viwandani, hakuna mnyama anayechinjwa, kwa hiyo hata msimamo wako hauguswi. Kwenye famasi ya hapo mtaani kwenu havikosekani. Kiasi cha kumeza akuambie daktari. Madini ya chuma nayo usiyasahau, ya kwenye mboga mwili unayachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama, basi kamulia limau kwenye maharagi na chai unywe mbali na chakula.

Mama yako atakusukumia ini. Amesikia hiyo habari ya Minot kwangu na sasa hasikii kingine. Mkatalie kwa heshima: ini lina vitamini A nyingi mno, si chakula cha mjamzito. Alitaka pia kufunga nyama ya kukausha na vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, nikamkatalia, forodha ya Ulaya hawaruhusu nyama kuingia. Amebeba samaki wakavu kidogo, lakini hao ni wa mkwe wangu, asikulazimishe. Umpeleke akanunue koti zito siku ileile atakayofika, ana kifua, na hatakubali kukwambia anasikia baridi.

Hapa nyumbani tuko wazima. Paa la upande wa jikoni limeanza kuvuja tena na mvua hizi, nimemwita fundi, anataka mabati mapya, nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Gunia la unga limepanda bei. Mdogo wako Ilunga anajiandaa na mtihani wa serikali, anasoma kwa tochi usiku umeme ukikatika, na fizikia bado inamsumbua. Mtumie yale madaftari yako uliyoyapiga picha, wewe unamwelewesha kuliko mimi.

Simu yangu skrini imepasuka, herufi ndogo sizioni. Majibu ya B12 mtumie Ilunga, namba yake ni ileile. Atanisomea.

Baba yako