Kwa vijana wanaomfuata nguruwe kichakani peke yao

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu na wajukuu zangu wa Makunduchi, Muyuni, Kizimkazi, Kitogani, Ukongoroni, na kila kijiji cha Unguja kinacholima juu ya maweni,

Maneno haya ni yangu, mkono unaoandika ni wa mjukuu wangu, kwa kuwa macho yangu hayashiki tena herufi. Nimeanza kusaka nina miaka 14, nikaacha magoti yaliponikatalia. Mwezi huu nimekwenda kuwatazama vijana wawili, wa vijiji viwili mbalimbali, wote wamechanwa na nguruwe, na wote waliingia kichakani peke yao. Mmoja wao mguu wake hautarudi kama ulivyokuwa. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikamuuliza, "Mwanangu, ulikuwa na nani?" Akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipoona siwezi kunyamaza.

Uchungu wenu naujua. Muhogo wa maweni haulimwi kwa raha. Unatafuta kiganja cha udongo baina ya jiwe na jiwe, unapachika mche, unangoja mwaka mzima. Halafu usiku mmoja kundi linaingia. Nguruwe hana adabu ya kula akashiba akaondoka. Hung'oa shina hili akaonja, akaliacha, akenda kwa jingine, na asubuhi mama yako anakuta miti imelala na mizizi imetafunwa nusu, meupe yake yameshaanza kugeuka rangi kwa jua. Nimemuona marehemu mama yangu amesimama katikati ya konde namna hiyo, jembe begani, hasemi neno. Kijana akiona hivyo damu humchemka, akachukua mkuki, akapiga mluzi mbwa wake mmoja, akafuata nyayo.

Sikuambieni mnyamaze muliwe. Nakuambieni msifuate peke yenu.

Na kwanza tuulizane: unamfuata ili upate nini? Sisi nguruwe hatumli. Paa ukimkosa umekosa kitoweo. Nguruwe ukimkosa hujakosa chochote cha kutia chunguni. Akishatoka kondeni, muhogo umepona kwa usiku ule, na hiyo ndiyo haja iliyokutoa nyumbani. Kuanzia hapo kila hatua unayopiga kumwandama unaitoa katika umri wako bure. Najua siku hizi wapo wanunuzi, na najua kwamba mzoga mmoja unalipa kuliko kutwa nzima ya kupasua kokoto. Sitaki kuwahukumu kwa hilo, kila mmoja atajibu mwenyewe mbele ya Mola wake. Lakini pesa ile hailipi mshipa wa paja.

Sasa niseme habari ya kichaka chenyewe, maana wengi wenu mmezoea njia za baiskeli na mnadhani msitu ni msitu. Maweni yetu si pahala pa kukimbia. Jiwe la matumbawe limechongoka kama meno ya msumeno, na juu yake yamelala majani makavu yanayofunika mashimo. Ukitia mguu, kifundo kinabaki ndani na wewe umeshaanguka. Mkaaga, mdaa na mlapaa vimeshikamana, vimefungwa na mitambaazi, hata mtu mzima hapiti amesimama. Anayepita ni nguruwe. Yeye ana njia zake, kama mapango yaliyotobolewa ndani ya majani, na urefu wake haufiki kiunoni mwako. Ukitaka kumfuata huna budi kuinama, na mbele kidogo utatambaa. Fikirini basi: umepiga magoti juu ya jiwe, kichwa chini, mkuki umenasa kwenye mitambaazi nyuma yako, panga huna pa kulinyanyulia. Kimo chako sasa ni kimo chake. Na ile ni njia yake.

Mchana yeye hulala humo humo. Macho yake si kitu, lakini pua yake ni hodari na masikio hayamdanganyi. Atajua umeingia kabla wewe hujajua kama yupo. Upepo wa kusi ukivuma, nanyi mkaingilia upande wa kusini, mmeshampelekea salamu. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Mambo haya tulifundishwa kabla hatujaruhusiwa hata kushika mkuki.

Dume aliyekomaa hufika kilo 60 na zaidi, mwili umejaa, shingo hakuna. Chonge zake za chini si ndefu za kutisha, na ndiyo maana kijana huzidharau. Lakini husagana na za juu kila anapofunga mdomo, kwa hiyo zinanolewa mchana na usiku. Hapigi kwa kusukuma. Huingia chini, akanyanyua kichwa mara moja kwa kwenda juu, na kimo chake kinampeleka pale pale: nyuma ya goti, ndani ya paja, kinenani. Mkiona jike ana watoto wenye michirizi mgongoni, jueni dume hayuko mbali, kwa sababu katika wanyama hawa baba naye hulinda.

Nitakuambieni yaliyonifika, ambayo kwa miaka mingi sikuyasema mbele za watu.

Ilikuwa mwaka 1979, masika yamekwisha, kichaka kimenenepa. Wenzangu walikuwa kwenye harusi. Mimi nilibaki, nikasikia mbwa wangu akibweka ukingoni mwa konde la ami yangu. Nilimkuta dume anavuka ukuta, nikamtupia mkuki, ukamwingia nyuma ya mbavu. Ulikuwa mtupo mbaya na nilijua palepale kwamba ni mbaya. Akaingia kichakani na mkuki wangu. Hapo ndipo mwenye akili hurudi nyumbani akangoja wenzake. Mimi niliona haya kuulizwa mkuki uko wapi.

Nilifuata damu. Mwanzo ilikuwa matone juu ya jiwe, kisha nikaiona kwenye majani, kama shubiri mbili kutoka chini, imepakwa upande mmoja tu. Nikaukuta mkuki wangu umevunjika mpini. Nilipaswa kusimama pale. Nikauchukua ule ubapa na kipande cha mti, kama kisu, nikaendelea kwa magoti. Mbwa alikuwa mbele yangu, akanyamaza ghafla. Nilisikia mlio ambao mpaka leo ukinijia usingizini naamka: meno yanagongana, tak, tak, tak, polepole, kama mtu anayevunja karanga. Haukutoka mbele. Ulitoka ubavuni mwangu, kulia, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Alikuwa amezunguka akarudi kwenye nyayo zake mwenyewe, amekaa ananingoja.

Sikuona alivyokuja. Niliona jani limetikisika, kisha nikahisi joto kwenye paja, wala si maumivu. Mbwa alinirukia akitafuta kujificha nyuma yangu, na dume akamfuata mbwa akapita juu yangu mara ya pili. Kama yule mbwa asingekimbilia upande wa pili, mjukuu wangu huyu anayeandika asingezaliwa. Nilifunga paja kwa kikoi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliyenisikia alikuwa mwanamke aliyekwenda kukata kuni, akatupa mzigo wake akakimbia kijijini, na wakanitoa kwa kitanda cha kamba, watu sita wakipokezana juu ya yale mawe. Jua lilikuwa limeshatua tulipofika barabarani.

Nimemtaja mbwa kwa makusudi. Mnadhani mbwa mmoja ni mwenza. Mbwa mmoja akishindwa hukimbilia kwa bwana wake, na nguruwe huja nyuma yake. Amekuletea adui mpaka miguuni. Mbwa wengi waliozoeana humzunguka mnyama wakamsimamisha, nanyi mkajua yuko wapi. Huyo wa pekee bora umwache nyumbani.

Sisi tulikwenda kwa kundi, na kundi halikuwa wingi wa watu tu. Alikuwepo mkubwa mmoja, na neno lake halijibiwi. Kabla ya kuingia hutuhesabu, kila mmoja kwa jina. Wapo waliokaa na nyavu kwenye njia za nguruwe, wapo waliofurusha na mbwa wakipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kelele zile ndizo zilizowaonesha wenzao walipo. Aliyepangiwa pahala haondoki pale hata amuone nguruwe amelala mita kumi mbele yake, kwa kuwa aliyehama ndiye anayechomwa mkuki na nduguye. Hakuna aliyeingia kichakani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mpaka mkubwa aseme, na wakiingia ni watatu au wanne, mbwa wote mbele, mchana mweupe. Mnyama mwenye jeraha haachwi akateseka, hilo ni deni. Lakini deni hilo hulipwa na kundi. Tukitoka, tunahesabiwa tena.

Usiku msisake kabisa. Usiku kazi yetu ni kulinda, na kulinda ni dungu, moto, debe na watu wawili wanaobadilishana usingizi. Katika giza hujui kinachotikisa muhogo ni nguruwe au ni jirani aliyekuja kutazama konde lake. Na kuna vitanzi vya waya vilivyotegwa na watu wasiosema walipovitega. Wanaotia sumu kwenye muhogo nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu waache. Sumu haichagui, na watoto hupita makondeni.

Lipo jambo ambalo wazee wetu walilifanya na sisi tumelizembea, nalo ni ukuta. Tembeeni nyuma ya vijiji vyetu mtazione zile kuta za mawe makavu, bila chokaa wala udongo, zimezunguka makonde tangu enzi za mababu. Zilijengwa kwa ajili ya huyu huyu nguruwe. Leo zimebomoka pahala pamoja hapa, pawili kule, na nguruwe hahitaji zaidi ya pahala pamoja. Kijana mwenye nguvu za kutambaa nyuma ya dume anazo nguvu za kupanga mawe siku tatu. Mawe hayanunuliwi, tumeyakalia.

Sheria nayo mnaijua au mnajifanya hamuijui. Kusaka kunataka ruhusa, na Sheria ya misitu Namba 10 ya mwaka 1996 ipo. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, kisha watu wa Idara ya Misitu. Ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, hakuna kusaka. Na paa nunga mwacheni, hata mbwa wakimtoa mbele yenu. Mnyama yule hapatikani duniani ila hapa Unguja na kwenye misitu ya pwani ya Kenya. Nilipokuwa kijana nilimuona mara nyingi kiasi cha kutomtazama. Siku hizi nikisikia mtu amemuona namuuliza wapi, lini, alikuwa mmoja au wawili.

Kama hata hivyo mtu amechanwa, msiangalie uso wake, angalieni damu. Ikiwa inaruka kwa mapigo, bonyezeni jeraha kwa kitambaa na uzito wa mwili wote. Isipokatika, fungeni juu ya jeraha, upande wa kinena, kwa kitambaa kipana, si kamba nyembamba wala waya, mtie kijiti mzungushe mpaka damu isimame. Kumbukeni saa mliyofunga, na msilegeze mpaka afike kwa daktari. Msitie majivu, wala mafuta ya taa, wala majani ya kutafuna. Hata jeraha likiwa dogo adungwe sindano ya pepopunda, kwa kuwa meno yale yametoka kwenye udongo. Haya yote yanataka mikono ya mtu mwingine. Mimi nilijifunga mwenyewe kwa kikoi, na nilipotaka kukaza, vidole havikuwa na nguvu tena. Na msitegemee simu, kwenye mabonde ya maweni pahala pengi haishiki mtandao.

Mimi nipo barazani kwangu kila siku baada ya sala ya Alasiri. Nimezungumza na wazee wenzangu watatu waliosaka nami, nao wamekubali kutoka, ingawa tutakaa njiani tu, hatutaingia. Anayetaka kwenda Jumapili aje kwangu Jumamosi kabla ya Magharibi, na aje na jina la mama yake na namba ya simu ya nyumbani. Mjukuu wangu atayaandika yote kwenye daftari. Tutakutana msikitini kwa sala ya Alfajiri, tuyasome majina, tuondoke. Tukirudi tutayasoma tena palepale, na hakuna atakayekwenda kwake mpaka jina la mwisho liitikiwe.

Wassalaam,
Babu yenu, msasi wa zamani,
Kusini Unguja