Vipimo vya saa janja Alhamisi: someni kabla ya kuja

Wapendwa, habari za jioni. Alhamisi saa 8 mchana tunakutana maabara kama tulivyokubaliana. Wenye saa janja mje nazo zikiwa na chaji. Wasio nazo watashirikiana na wenzao, msikimbilie kununua.

Tutaanza na mapigo ya moyo. Ile taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi, na damu hufyonza mwanga huo. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo mkononi, mwanga unaorudi hupungua, na saa huhesabu hayo mabadiliko. Tatizo ni kwamba melanini (rangi asilia ya ngozi) nayo hufyonza kijani, tatuu huweza kuziba kabisa, na mkanda uliolegea huharibu kila kitu. Kwa hiyo kila mmoja atahesabu pia mapigo kwa vidole, sekunde 60 kamili (sio 15 mara nne, nawajua!), kisha tulinganishe.

Hatua za kutembea nazo tutazipima tukisukuma toroli. Mkono usipoyumba, saa hudhani umesimama.

Jambo moja silegezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Fomu ya ridhaa isainiwe kwanza, tumieni namba badala ya majina, na msitumie akaunti zenu binafsi, maana data huishia kwenye seva (kompyuta za kuhifadhia) za kampuni ya saa. Na tafadhali, picha za mapigo ya mwenzako zisiletwe humu kwenye grupu.

Atakayechelewa aniandikie inbox.