Barua kwa Zuhura: urefu wa mdogo wako na magoti yake

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama urefu wa mdogo wako utamfikisha kwenye ligi kubwa za mpira wa pete. Kuingia, huenda. Pete iko mita 3.05 juu wala haina ubao wa kugongeshea mpira, ndiyo maana wafungaji warefu hutafutwa kila pembe: Mwai Kumwenda alitoka Malawi na Peace Proscovia akatoka Uganda, wote wakacheza ligi kuu ya Australia. Ila atadumu miaka mingapi, hilo litategemea anavyotua.

Chanzo ni sheria yenyewe. Mchezaji hakimbii na mpira. Akiudaka hewani akatua kwa mguu mmoja, anaruhusiwa kuunyanyua mguu huo, lakini mpira uwe umeshamtoka mkononi kabla mguu haujagusa chini tena, na ana sekunde 3 tu. Basi anatoka mbio kali akasimama ghafla, robo 4 za dakika 15 kila moja, na breki zote hizo hubebwa na goti na kifundo cha mguu. Wengi huumia bila kuguswa na mtu: goti linalala kwa ndani huku kiwiliwili kimeshageuka kutafuta wa kupewa pasi, ukano wa mbele wa goti unakatika. Baada ya upasuaji, kurudi uwanjani huchukua miezi 9 au zaidi, na akiharakishwa anaweza kuukata tena.

Kwa hiyo, kila mazoezi yaanze na kutua, dakika 10 hadi 15, mwili ukiwa haujachoka. Miguu miwili, upana wa mabega, nyonga na magoti yakunjwe, goti lifuate uelekeo wa vidole. Msikilize pia: kishindo kikubwa maana yake amekaza magoti. Aanze kuruka bila mpira, kisha arushiwe mpira, kisha asukumwe kidogo begani akiwa hewani. Mguu mmoja uje mwisho. Anapogeuka, miguu igeuke pamoja na kiwiliwili, isibaki nyuma. Makocha wengi huyafanya haya kabla ya msimu, mechi zikianza wanayaacha, na hapo ndipo mzigo unapozidi.

Kufunga ni kazi ya kurudiarudia. Duara la kufungia, lile lililo mbele ya goli, lina nusu kipenyo cha mita 4.9, na mlinzi hukaa mita 0.9 kutoka mguu aliotulia mfungaji, mikono juu. Basi asizoee kupiga peke yake. Mtu asimame mbele yake na kunyoosha mikono. Irene van Dyk, mfungaji aliyecheza mechi 217 za kimataifa, kwanza kwa Afrika Kusini kisha New Zealand, hakutegemea kimo tu. Shabaha yake ilikuwa haitikisiki.

Usimwache abaki mfungaji wa ndani peke yake. Uwanja hugawanywa mara tatu, na mwenye namba hiyo haruhusiwi kutoka theluthi ya goli analofungia, na kikosini nafasi ni chache. Ajifunze na ufungaji wa nje, unaomruhusu kushuka hadi theluthi ya kati. Atakimbia zaidi, kweli, ndiyo maana kutua kunatangulia.

Nitumie video yake akitua. Ipigwe kutoka mbele, usawa wa magoti, maana ukipiga kwa ubavuni goti linalolala ndani halitaonekana vizuri.

Wako,
Rehema