Bei ya kwenye rafu siyo ya kaunta

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la supamaketi zetu hapa Dar. Wanabandika ofa, mafuta ya kula lita 3 bei imeshuka, unabeba na furaha yako, ukifika kaunta mashine inasoma bei ileile ya zamani na keshia anakwambia ofa iliisha jana, sasa kama iliisha ile karatasi bado inafanya nini pale? Na foleni nyuma wanakununia wewe. Chenji ya mia mbili unapewa pipi, pipi siyo hela jamani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapite madukani wakague, wasisubiri tulalamike. Ushahidi upo, risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, tunazo.

Mteja, Kinondoni