Unifikishie Radhi kwa Mzee wa Chalbi

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya cha wiki tatu tangu nirudi kutoka Marsabit. Hakikuwa kimya cha uchovu bali cha aibu, kwa kuwa yule mzee uliyenitafutia atuongoze jangwani nilimtolea maneno ambayo hata Mama Rehema, unavyomjua, asingeyatamka.

Kisa chenyewe ni jangwa la Chalbi. Tulilala Kalacha, hema zetu zikiwa chini ya mikoma karibu na chemchemi, na alfajiri tukaamshwa na kengele za mbao za ngamia wa Wagabra. Siku hiyo tulikuwa tukate jangwa katikati kuelekea North Horr, jambo nililolilipia na kulingojea mwaka mzima. Mzee akasimamisha gari, akashuka, akaichoma ardhi kwa fimbo mara tatu, kisha akasema tutazunguka ukingoni. Mbele yetu palikuwa peupe na pakavu, mbingu haina hata wingu, nami nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba anabania dizeli. Hakunijibu, alimwomba utingo chai.

Nilikuwa nimesahau, ingawa yeye mwenyewe alitueleza tukiwa Maikona, kwamba Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka zamani, na kwamba mvua ya Novemba ikinyesha kwenye milima ya mbali, maji huteremka na kukusanyika humo, kisha jua hukausha juu tu, likaacha gamba la chumvi lililofunika tope. Nilishuka kwa hasira kumwonyesha kwamba pako imara, na kabla ya hatua ya kumi nikazama hadi kifundoni. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Yeye ndiye aliyekifukua kwa mikono yake, akakikung'uta na kunikabidhi bila neno. Utingo alicheka, na sikuwa na haki ya kumkataza.

Huko Loiyangalani, upepo wa usiku ulipong'oa vigingi vya hema langu, ni mzee huyo huyo aliyeamka kuvipigilia upya. Nilimwambia asante, radhi sikuiomba, na Ziwa Turkana lote nililolisafiria nililitazama huku nikitafuta maneno ya kuanzia, mpaka tukaagana.

Nimempigia simu mara kadhaa na hapatikani. Pengine yuko tena huko kusiko na mtandao. Kwa hiyo nakuomba wewe, uliye kama mwanawe, unitangulie. Je, amekwambia lolote juu yangu? Nikimtumia zawadi, ataiona kama malipo ya matusi? Au ni afadhali nije mwenyewe hadi Marsabit nimwombe radhi uso kwa uso? Na kama atakubali, unadhani atanichukua tena mwezi wa Februari, Chalbi ikiwa imekauka kweli?

Kiatu bado kina chumvi yake. Sijakiosha.

Wako,
mwenye aibu