Umbali wa Dar es Salaam hadi Dakar usipimwe kwa rula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie takwimu za umbali na muda wa safari za ndege, ambazo siku hizi huchapishwa ovyo bila maelezo. Nitachukua mfano wa Dar es Salaam na Dakar, mmoja ukiwa mji wa Bahari ya Hindi na mwingine wa Atlantiki.

Ni kweli kwamba kati ya miji hiyo pana takriban kilomita 6,700, na kwamba ndege ya abiria iendayo kilomita 850 hivi kwa saa ingezimaliza kwa karibu saa nane. Huo ni umbali mfupi kuliko wa Dar es Salaam hadi London, jambo ambalo wengi wetu hatulitarajii. Hata hivyo, mstari huo unaokatiza juu ya Kongo, Kamerun na Nigeria ni wa kwenye ramani tu, kwa kuwa abiria hana budi kubadilisha ndege njiani. Akipitia Addis Ababa hupanda kwanza kaskazini ndipo ageuke magharibi, na jumla hufikia kilomita 7,900 hivi. Akipitia Dubai huanza kwa kuipa Dakar kisogo kwa kilomita zipatazo 4,000, kisha hurudi kulivuka bara lilelile alilotoka kwa nyingine 7,600, hivi kwamba saa za angani peke yake huzidi 14, mbali na zile za kusubiri kwenye viti vya uwanjani.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi nazo huwapotosha wengi. Dakar iko nyuma yetu kwa saa tatu, na kila mji huandikiwa saa zake. Kwa hiyo anayeondoka Addis Ababa saa nne asubuhi na kutua Dakar saa tisa alasiri, hakusafiri saa tano bali nane.

Sidai kwamba mashirika ya ndege yanakosea, maana ndege kubwa haiwezi kurushwa kila siku kwa abiria wachache wa miji miwili. Ninachoomba ni kwamba gazeti lako, kila litakapotaja umbali wa miji ya mbali, liandike pia njia inayopitiwa na muda wote tangu kuondoka hadi kutua, ukijumuisha wa kusubiri. Ikiwezekana liongeze na umbali wa kutoka uwanjani hadi mjini, kwani tangu Desemba 2017 ndege za abiria ziendazo Dakar hutua katika uwanja wa Blaise Diagne, ulio karibu kilomita 50 nje ya jiji, na teksi ya kutoka huko hailipiwi kwa nauli ya tiketi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam